Nusu Ambayo Printa Haikuichapa

Rukia mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga kwa mama mdogo Halima, na nyumba imetulia hata nasikia mkaa ukipasuka jikoni. Sanduku lako nimeshalifunga. Habari za sweta, za baridi ya Nairobi na za nani atakupokea uwanja wa ndege tumezisema mpaka umechoka kuitikia, sitazirudia. Nimeshika kalamu kwa ajili ya jambo ulilolifanya Ijumaa iliyopita, jambo dogo ambalo nadhani wewe mwenyewe umeshalisahau.

Halima alikuja na chupa ya dawa ya kikohozi ya mwanawe, miwani ameisahau kwake. Akakunyoshea ile chupa. "Hebu nisomee, mwanangu, anywe vijiko vingapi?" Uliipokea, ukaigeuza, ukamrudishia. "Mimi dawa sisomi, mama. Mpe mtu mwingine." Ulisema kwa upole kabisa, kisha ukaingia jikoni. Halima akacheka: "Mtoto anakwenda kusomea kompyuta Nairobi, na chupa ya dawa inamshinda!" Mimi sikuweza kucheka. Nilimsomea ile chupa mimi, na nilikuwa nimeelewa papo hapo kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu tangu utotoni mwako. Nilikuwa nikikiita haya. Wakati mwingine nikikiita ukimya wa upande wa baba yako.

Basi nakuandikia habari ya bibi yako na ile dawa. Kipande chake kimoja unakijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ulikuwepo kisiwani Koyama na mimi sikuwepo. Kipande cha huku kwangu hujawahi kukisikia, na huku ndiko mambo yalikoanzia.

Mwaka nilioajiriwa zahanati ya hapa Kismayo, nilikupeleka Koyama kwa mama yangu ukakae naye muda wa likizo. Kompyuta nilijifunza Mombasa tulipokuwa wakimbizi, kwa kuwaandikia watu barua kwenye kiduka cha mtaani, na mtu wa namna hiyo akipata kazi ya kutengeneza programu huifanya kama anayekimbizwa. Nilikuwa natoka asubuhi, narudi umeshalala, ndiyo maana nikakupeleka. Likizo ikaisha, nikasema akae kidogo tena, shule ipo hata huko. Kidogo hiyo ikawa ndefu. Bibi yako hakulalamika hata siku moja. Macho yake yalikuwa yamefifia, na wewe ulikuwa umejua kusoma mapema, kwa hiyo akakufanya msomaji wake. Ulimsomea magunia ya mchele, makopo ya maziwa, majina yaliyopakwa rangi kwenye vyombo ufukweni. Alikuwa akiwaambia majirani, "Macho yangu nimeyaweka kwa mchu huyu," yaani mtu huyu kwa Kibajuni chake, na anakugonga kichwani kwa kidole. Wewe ulikuwa unavimba kwa fahari. Nilikuona kwa macho yangu nilipokuja Idi.

Programu yangu ilikuwa ya kuchapa karatasi ndogo za kubandika kwenye pakiti za dawa. Zamani waliandika kwa mkono, na mwandiko wa watu wa dawa unaujua. Yangu ilichapa jina la mgonjwa, jina la dawa, kiasi, na wakati wa kumeza. Ilitumika kwenye vifaa vitatu: kompyuta ya dirishani pa kutolea dawa, yenye printa kubwa, kompyuta ya mkononi ya zamani iliyokuwa stoo, na simu ya nesi Salima, aliyekuwa akizunguka visiwani kwa boti akiwa na kiprinta cha kuning'iniza kiunoni, kile kinachochapa kwa joto kwenye karatasi nyembamba. Programu moja, vifaa vitatu. Nilijiona bingwa.

Salima aliporudi safari moja akaja mezani kwangu na karatasi kiganjani.

"Angalia hapa," akasema. "Kabla ya neno kidonge. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo. Pangekuwa na nusu."

Nikafungua simu yake. Kwenye kioo nusu ipo, ile alama ya moja juu ya mbili, safi kabisa. Tukachapa mbele yangu. Karatasi ikatoka na pengo. Tukachapa dirishani, ikatoka vizuri. Tukachapa stoo, ikatoka nusu, lakini imetanguliwa na herufi ya ajabu yenye kofia kichwani. Nilikesha na hitilafu ile mpaka nikaielewa. Wewe utafundishwa haya kwa maneno ya kitaalamu, mimi nakwambia kwa ya nyumbani: mashine haijui herufi, inapokea namba, na kila mashine ina jedwali lake la kuigeuza namba kuwa herufi. Namba ya nusu kwenye jedwali la dirishani ilikuwa nusu kweli. Kwenye jedwali la kiprinta cha Salima mahali pale palikuwa patupu. Na kilichonitisha hata siku ile ni kwamba kiprinta hakikulalamika. Hakikutoa onyo lolote. Kiliruka tu, kikaendelea na neno lililofuata.

Tiba ya hitilafu hiyo ilikuwa nini? Hapo ndipo nilipopima, na kupima kwangu ndiko kulikotufikisha tulikofika, kwa hiyo nivumilie.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuiacha ile alama na kuandika moja, mkwaju ule mstari wa mshazari, mbili. Herufi hizo kila mashine inazo. Salima akakataa. Aliiandika hivyo kwenye karatasi, akamwonyesha mzee mmoja wa Burgao aliyekuwa akingoja barazani. "Baba, hapa utameza vingapi?" Mzee akajibu bila kusita, "Kimoja au viwili." Wazo hilo likafa pale pale. Nikafikiria sifuri nukta tano, lakini karatasi ya joto ikipata jasho na chumvi nukta ndiyo ya kwanza kufutika, na mtu atabaki na tano. Nikafikiria kuandika neno lenyewe. Lugha haikuwa shida, kwa Kisomali ni nus na kwa Kiswahili ni nusu, hata asiyejua moja ataibahatisha nyingine. Shida ilikuwa upana. Kwenye karatasi ya Salima neno likiongezeka, neno la mwisho linaanguka nje, na la mwisho lilikuwa ndilo la asubuhi au usiku. Ningelazimika kuupanga upya mpangilio wote, kwa vifaa vyote vitatu.

Kulikuwa na njia moja tena: kuchora. Duara la kidonge limekatwa katikati, upande mmoja mweusi. Picha haihitaji jedwali la herufi, kila printa inaichapa. Lakini picha ilikuwa nzito. Dirishani watu hupanga foleni mpaka barabarani asubuhi, na kila karatasi ingechelewa. Kiprinta cha Salima kingemaliza betri kabla hajamaliza kisiwa, naye alikuwa anachaji kwa sola.

Nikalipeleka kwa Daktari Farah, mkuu wetu. Alinisikiliza vizuri, si mtu wa dharau. Akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, wagonjwa wengi wanachukua dawa wapi?"

"Hapa dirishani."

"Na wa nusu kidonge kule visiwani?"

"Wachache."

"Basi tengeneza hapa kwanza."

Simtupii lawama. Aliuliza swali la haki, nami nikampa jibu la kweli. Nilitengeneza ya dirishani na ya stoo, zikawa safi. Salima nikamwambia, "Kwa sasa, wewe andika nusu kwa kalamu. Nikimaliza huku naja kwako."

Akaniangalia. "Kwa sasa mpaka lini?"

"Baadaye kidogo."

Akachukua kalamu yake, na kila safari akawa anaandika kwa mkono. Kwa kuwa alifanya vizuri, mimi nikaona jambo limekwisha. Zikaja kazi nyingine: hesabu ya stoo, kadi za chanjo, hiki na kile. Ile ya visiwani ikawa nyuma ya kichwa, ikazidi kurudi nyuma.

Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi hasa, maana hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilipima kama muuza samaki, kapu zito ndilo linaloshinda. Sikuuliza kosa likitokea litamkuta mtu gani, mahali gani. Mgonjwa wa dirishani akiona karatasi haieleweki, anageuka tu, mtoa dawa yuko mbele yake. Mgonjwa wa Koyama anapoisoma, boti imeshaondoka na simu inashika ukipanda juu ya mwamba. Wale wachache wangu ndio waliokuwa hawana wa kumuuliza. Na mimi, mwanangu, nilizaliwa Koyama. Hakuna aliyestahili kulijua hilo kuliko mimi. Nililijua, ila siku ile nilikuwa mtu wa kompyuta, sikuwa mtu wa Koyama.

Salima akaenda kujifungua. Safari yake akapewa Bwana Omari, nesi mtu mzima, mwangalifu. Hakuna aliyemwambia habari ya kalamu. Mimi nilidhani Salima amemwambia, Salima alikuwa kwenye uchungu wake. Bwana Omari aliona nusu kwenye kioo cha simu, akabonyeza, karatasi ikatoka, akaibandika. Angedhani nini? Wakati huo daktari alikuwa ameibadilisha dawa ya presha ya bibi yako, vidonge vipya vilikuwa na nguvu zaidi, ndiyo maana ya nusu. Magoti yalikuwa yanamsumbua, hakushuka mwenyewe kuchukua. Jirani akamchukulia, na pakiti ikaja nyumbani bila neno lolote isipokuwa lile lililobandikwa.

Sehemu inayofuata unaijua wewe. Bibi akakupa, ukamsomea. Kidonge. Kila asubuhi. Kama alivyozoea. Ukawa unamtolea kidonge kimoja na kikombe cha maji kabla hujakwenda shule, hukusahau hata siku moja, alikuwa akikusifu kwa hilo. Kisha akaanza kusema kichwa kinazunguka, watu wakasema ni jua, ni uzee. Mpaka asubuhi ile alipoanguka kwenye ngazi za birika la kutekea maji.

Walimleta kwa boti ya mashine, amelazwa juu ya kitanda cha kamba, nyonga imevunjika. Wewe ulishuka nyuma yao, ndara mkononi, kanga ya bibi umejifunga begani. Nilikimbia kutoka juu ya gati kumfuata mama yangu. Nilikupita. Nakumbuka hata bega lako lilinigusa. Nilikupita kama mtu anavyopita mlango.

Zahanati, Daktari Farah akaigeuza ile pakiti, akaisoma, akanipa. Niliona pengo. Nilisema yote palepale, kando ya kitanda: kwa daktari, kwa Bwana Omari aliyekuwa amejishika kichwa, kwa mama yangu mwenyewe. Nilisema ni kazi yangu, nilijua, niliiweka kando. Sikuficha kitu. Na miaka yote hii hilo limekuwa faraja yangu, kwamba angalau nilisema.

Lakini sikuangalia nani hayumo chumbani. Wewe ulikuwa nje kwenye benchi. Jumamosi nilimwendea Halima, nikamuuliza alikumbuka nini kuhusu siku ile, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa nawe. Akaniambia. Wanawake walikuwa wakipita wakisema, "Masikini, kumbe amepewa kidonge kizima. Na aliyekuwa akimsomea ni yule mtoto." Walisema kwa huruma tu, hawakukusudia ubaya. Halima anasema hukulia. Uliuliza jambo moja: "Kidonge kizima ni kibaya?" Naye akakununulia biskuti.

Nilipolisikia hilo, nilikaa chini kwenye kizingiti cha Halima kama mgeni aliyeletewa habari ya msiba. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa ameshafikia hukumu yake mwenyewe, peke yake, na biskuti mkononi, ilhali mwenye jambo lake yuko ndani anajisifu kwa kusema kweli.

Hitilafu yenyewe niliimaliza upesi, na upesi huo ndio unaonichoma. Neno na picha vyote viwili, nusu imeandikwa na duara limechorwa, kwenye vifaa vyote. Nikapanga karatasi upya, wakati wa kumeza ukapanda juu, jina la dawa likashuka chini. Kiprinta cha Salima kikapewa betri ya pili. Dirishani watu wakawa wanangoja zaidi, mtoa dawa akanung'unika mwezi mzima, Daktari Farah akamwambia anung'unike. Hakuna aliyeumia kwa kusimama. Kazi niliyoiogopa na kuisogeza tangu Salima aniletee ile karatasi, haikula hata wiki.

Bibi yako mfupa uliunga kombo. Alikaa nasi hapa, akitembea kwa magongo kutoka kitandani mpaka barazani. Ulilala chumba kimoja naye, ulimnawisha miguu, ulimpikia uji. Kumsomea hukumsomea tena. Alikuwa akikunyoshea kopo, nawe una kazi ya shule, una maji ya kuchota, unaitwa na baba yako. Nilikuwa nikiona. Siku moja aliniuliza, "Mtoto ameudhika nami?" Nikamjibu, "Anakua tu, mama." Jibu jepesi kama lile la baadaye kidogo.

Yeye hakuridhika nalo. Ukiwa shule, aliniita nikae karibu naye, akasema, "Mwambie. Mchu alosoma kilichoandikwa hana makosa. Mimi nikifungua mdomo anakimbia. Mwambie wewe."

Nikasema nitakwambia, ukikua kidogo upate kuelewa.

Vilevile alikuwa akitaka apelekwe Koyama aione nyumba yake, hata kwa siku moja, akae tu mlangoni. Nikamwambia nikimaliza kazi ya kadi za zahanati tutakodi boti. Kazi ile iliisha. Ikaja nyingine. Unajua tulimzika hapa Kismayo, na nyumba ya Koyama mpaka leo ina kufuli aliyoifunga jirani siku ile ile ya boti.

Basi nakwambia, Rukia, nikiwa nimechelewa hivi. Ulisoma sawasawa. Kila neno lililokuwapo kwenye karatasi ile ulilisoma kama lilivyo, na ukalitii kwa uaminifu ambao watu wazima hatukuwa nao. Hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye angesoma nusu pale, kwa sababu haikuwapo. Nilikuwa nimeiacha mimi. Bibi yako alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na alikufa akikupenda bila doa. Nilipewa amana ya kukufikishia maneno yake, nikakaa nayo miaka, na wewe ukakaa miaka hiyo ukikwepa makopo ya maziwa.

Sijui kama barua inaweza kuondoa kitu kilichoingia kwa mtoto benchini. Naogopa kwamba haiwezi. Naogopa pia kwamba umechagua kompyuta kwa sababu hii hii, kwenda kutafuta kosa lako ndani yake. Kama ndivyo, utalikuta, na utakuta limeandikwa kwa mkono wangu.

Huko uendako watakuuliza kama alivyoniuliza Daktari Farah, na mara nyingi itabidi uchague. Hata mimi bado nachagua. Mwezi huu huu nimeiacha kompyuta ya stoo na kasoro nyingine mpya, kwa sababu nimeona anayeitumia anakaa hatua chache kutoka kwangu, akikwama atanipigia kelele. Pengine nimekosea tena. Sina kipimo cha kukupa kisichokosea. Ninacho hiki tu nilichokisimulia.

Kesho uwanjani nitakuwa nimenyamaza, unanijua. Nitashughulika na mifuko, nitamgombeza baba yako kwa sababu ya pasipoti. Ukishaisoma hii, iwe kesho au ukishafika, usininyamazie kama ulivyozoea. Niulize. Niulize kwa nini nilikupita pale gatini. Niulize kwa nini sikurudi benchini kukuangalia. Niulize hata kwa ukali, una haki nao, na wala usitafute maneno ya adabu.

Nitakujibu siku hiyo hiyo.

Mama yako